Soda ya Kila Siku: Jinsi Mazoea Yanavyojengwa na Yanavyoweza Kubadilishwa

Chupa ya kioo ya soda yenye mililita 300, ile inayopatikana katika karibu kila duka, kibanda na mgahawa wa Afrika Mashariki, huwa na takriban gramu 32 za sukari ikiwa ni soda ya aina ya kola, kiasi kinacholingana na vijiko 8 vya chai, na chupa ya plastiki ya nusu lita hufikisha vijiko 13. Mtu anayekunywa chupa moja ndogo kila siku pamoja na chakula cha mchana, bila kuongeza nyingine jioni wala katika sherehe, humaliza kwa mwaka zaidi ya kilo 11 za sukari kupitia kinywaji hicho peke yake. Kiasi cha sukari hakifichwi, kwa kuwa mara nyingi huchapishwa kwenye lebo, na madhara ya sukari nyingi yamekuwa yakitangazwa na wataalamu wa afya kwa miaka mingi. Hata hivyo, wengi wanaoyafahamu huendelea kunywa, na wengi wanaoazimia kuacha huirudia soda baada ya majuma machache. Hali hiyo inaonyesha kwamba kujua madhara ni sehemu moja tu ya kazi, na kwamba sehemu iliyobaki, ambayo mara nyingi husahauliwa, ni kuelewa soda imefungamana na saa gani, mahali gani na watu gani katika maisha ya mnywaji.

Sukari inayohesabiwa

Shirika la Afya Duniani, WHO, hutofautisha sukari iliyomo ndani ya tunda zima au ndani ya maziwa na ile inayoitwa sukari huru, yaani sukari yote inayoongezwa katika vyakula na vinywaji na mpishi, mlaji au kiwanda, pamoja na sukari iliyomo katika asali, shira na juisi za matunda. Tofauti hiyo ina msingi wake, kwa sababu anayekula chungwa hutafuna pia nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu na zinazolijaza tumbo, ilhali anayekunywa glasi ya juisi iliyokamuliwa na kuchujwa humeza sukari ya machungwa matatu au manne kwa muda mfupi akiwa ameacha nyuzinyuzi katika chujio.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2015, WHO ilipendekeza kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, na ikaongeza kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kunaweza kuleta manufaa zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, kiwango cha kwanza ni takriban gramu 50 na cha pili ni gramu 25. Kwa kipimo hicho, soda moja ndogo inavuka kiwango cha chini kabla mnywaji hajagusa chai, na kama ana desturi ya kunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili viwili vya sukari, huongeza gramu 24 nyingine na kuvuka pia kiwango cha juu. Kwa hiyo, kuacha soda hakuwezi kutenganishwa na birika la chai la asubuhi, na anayehamisha sukari kutoka kwenye chupa kwenda kwenye kikombe anakuwa amebadilisha chombo tu.

Safari ya sukari mwilini

Sukari ya kawaida, ambayo kitaalamu huitwa sukrosi, imeundwa na sukari mbili sahili zilizoungana, nazo ni glukosi na fruktosi, ambazo hutenganishwa katika utumbo na kufuata njia tofauti. Glukosi huingia katika damu, na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, huitikia kwa kutoa insulini, homoni inayoziwezesha seli kuipokea glukosi hiyo na kuitumia au kuihifadhi. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na inapofika kwa wingi na kwa kasi, ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta, ambayo mengine husafirishwa katika damu na mengine hubaki katika ini lenyewe. Hali hii ikiendelea kwa miaka, hasa kwa mtu asiyefanya kazi za kutumia mwili, huweza kuchangia ini kujaa mafuta na seli kuwa sugu dhidi ya insulini, na kongosho linapochoka kufidia usugu huo kwa kutoa insulini zaidi, kiwango cha sukari katika damu hupanda na kubaki juu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili.

Umajimaji wa kinywaji huongeza tatizo, kwa kuwa mwili huhesabu shibe vizuri zaidi kwa chakula kinachotafunwa kuliko kwa nishati inayomezwa. Anayekula mihogo miwili saa tano huelekea kupunguza wali wa saa saba, lakini anayekunywa soda saa tano hula wali uleule kwa kiasi kilekile, na kalori takriban 130 za soda hiyo zinakuwa nyongeza isiyofidiwa. Kuzitumia kalori hizo huhitaji karibu nusu saa ya kutembea kwa haraka, na zisipotumiwa huwekwa akiba kama mafuta.

Ushahidi wa uhusiano kati ya vinywaji hivi na kisukari umekusanywa kwa kuwafuatilia watu wengi kwa miaka mingi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la kitabibu la BMJ, ambao uliunganisha tafiti 17 za namna hiyo, ulionyesha kwamba kila nyongeza ya kinywaji kimoja chenye sukari kwa siku iliambatana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili, na hata baada ya kuondoa athari ya unene, ongezeko la asilimia 13 lilibaki. Tafiti za kufuatilia watu haziwezi zenyewe kuthibitisha kwamba jambo moja limesababisha jingine, lakini zinapolingana na yale yanayojulikana kuhusu ini na insulini, zinapata uzito mkubwa. Makadirio mengine, yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, yalihusisha vinywaji vyenye sukari na wagonjwa wapya wa kisukari cha aina ya pili wapatao milioni 2.2 duniani kwa mwaka 2020, na yalionyesha kwamba katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zaidi ya mgonjwa mpya mmoja kati ya watano alihesabiwa katika fungu hilo. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliohusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya watu wenye umri kati ya miaka 25 na 64.

Meno hushambuliwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Bakteria waliomo kinywani huila sukari na kuzalisha asidi, na soda yenyewe huja na asidi yake, hata ile isiyo na sukari. Kwa kipimo cha uasidi kiitwacho pH, ambapo tarakimu ndogo humaanisha asidi kali, soda ya kola huwa karibu na 2.5, ilhali enameli, yaani gamba gumu linalolifunika jino, huanza kuyeyuka kinywa kinaposhuka chini ya takriban 5.5. Mate huweza kurudisha hali ya kawaida, lakini huhitaji muda, na ndiyo maana anayekunywa soda kidogo kidogo kwa saa tatu akiwa dukani au nyuma ya usukani huyadhuru meno yake kuliko anayeimaliza mara moja wakati wa chakula.

Sababu zinazoirudisha chupa mkononi

Ugumu wa kuacha soda hauelezwi vya kutosha kwa kusema kwamba watu wanapenda utamu. Baridi na asidi huuficha utamu wenyewe, na jambo hili huthibitishwa na yeyote aliyewahi kuinywa soda iliyosahauliwa juani hadi ikaisha gesi, akaikuta tamu kupita kiasi ingawa sukari yake haikuongezeka. Kwa soda za kola kuna pia kafeini, kemikali ileile iliyomo katika kahawa na chai, kwa kiasi cha takriban miligramu 10 katika kila mililita 100, na katika vinywaji vingi vya kuongeza nguvu kiasi hicho hufika mara tatu. Mwili uliozoea kafeini kila siku hulalamika unapoikosa, kwa maumivu ya kichwa, uchovu na hasira za haraka, ambazo kwa kawaida huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho na huweza kudumu kati ya siku 2 na 9. Mnywaji asiyejua hayo hufasiri kichwa kinachomuuma kama ushahidi kwamba mwili wake unahitaji soda, akanywa, akapata nafuu, na tabia ikapata nguvu mpya.

Sababu zenye mizizi mirefu zaidi zimo katika jamii. Katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki, mgeni anayebisha hodi hutumiwa mtoto dukani amletee soda baridi, na mwenyeji anayeweka maji matupu mezani huhofia kuonekana mchoyo au mtu aliyefilisika. Bajeti ya harusi huwa na fungu la kreti za soda, kikao cha ofisini hufungwa kwa soda na maandazi, na katika familia zisizokunywa pombe kwa sababu za dini soda ndicho kinywaji cha furaha kinachobaki. Kuna pia sababu ya usalama, kwa maana mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki, chupa iliyofungwa kiwandani huonekana kuwa salama kuliko jagi la mgahawani ambalo hakuna anayejua maji yake yametoka wapi. Anayemhubiria mnywaji kuhusu nia na uvumilivu bila kuyagusa mambo haya anamwachia mzigo ambao jamii nzima imeutwika begani mwake.

Mazoea hubadilishwa pale yanapotokea

Wanasaikolojia huelezea mazoea kama tendo lililofungamana na kichocheo, yaani ishara ya wakati, mahali, hali ya mwili au mtu fulani, kiasi kwamba ishara inapotokea tendo hufuata bila kufikiriwa sana. Dereva wa bodaboda anayesimama kwenye kibanda kilekile saa nane mchana haanzi kwa kupima faida na hasara za soda. Kivuli, joto na salamu za muuzaji vimekwisha kuamua. Kwa hiyo, hatua ya kwanza yenye manufaa ni kuandika au kukumbuka kwa juma moja kila soda iliyonywewa, saa yake, mahali pake na aliyekuwapo, ili ijulikane kama mnywaji alikuwa na kiu, alikuwa amechoka, alikuwa na njaa au alikuwa akitimiza adabu ya mazungumzo, kwa sababu kila hali kati ya hizo ina dawa tofauti.

Hatua ya pili ni kuweka tendo jipya mahali pa lile la zamani, badala ya kuacha pengo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani ambaye mwaka 1999 alichapisha makala mashuhuri kuhusu utekelezaji wa nia, alionyesha kwamba azimio la jumla kama vile kupunguza sukari hutekelezwa mara chache kuliko azimio lililofungwa kwenye tukio mahususi. Kwa mfano wa soda, azimio la namna hiyo lingekuwa kwamba chakula cha mchana kinapoletwa, maji yaagizwe kabla muuzaji hajauliza, au kwamba usingizi unapoanza kunyemelea saa tisa ofisini, mtu asimame, atembee hadi nje na kurudi na kikombe cha chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Muda unaohitajika ni mrefu kuliko watu wengi wanavyotarajia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia moja mpya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 walikadiria kwamba tabia ilichukua kwa wastani siku 66 kufikia hatua ya kufanyika bila kufikiriwa, huku tofauti kati ya mtu na mtu zikianzia siku 18 hadi 254. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia, jambo linalowafaa wale ambao hunywa soda moja harusini kisha wakajihesabu kuwa wameshindwa na kurudi kwenye desturi ya kila siku.

Ulimi nao hujifunza. Utafiti uliofanywa na Monell Chemical Senses Center ya Philadelphia, nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, uliwakuta watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu wakiihisi pudini ileile kuwa tamu zaidi kuliko walivyoihisi wenzao ambao hawakubadilisha mlo. Kwa msingi huo, anayepunguza sukari ya chai kwa nusu kijiko kila baada ya majuma kadhaa hufika mbali kwa usumbufu mdogo. Anayekunywa soda nyingi za kola kwa siku hufanya vyema pia kupunguza hatua kwa hatua, ili kafeini ishuke polepole na maumivu ya kichwa yasimrudishe alikotoka.

Vibadala na mitego yake

Maji ndiyo kibadala cha kwanza, lakini ni lazima yawe salama, yawe baridi na yawe karibu. Maji yaliyochemshwa, yakapozwa na kuwekwa katika mtungi safi wenye kifuniko hubaki na ubaridi hata pasipo umeme, kwa sababu unyevu unaopenya katika udongo wa mtungi hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Vipande vya ndimu, tango au majani ya mnanaa huyapa ladha bila sukari. Chai ya mchaichai, mdalasini au iliki, na rozela iliyochemshwa kisha ikapozwa, humridhisha anayetafuta rangi na uchachu, mradi sukari isimwagwe humo kama inavyozoeleka. Maji ya dafu kwa kawaida huwa na sukari isiyofikia nusu ya ile ya soda, ingawa nayo hayastahili kunywewa bila kipimo na mwenye kisukari.

Mitego iko mingi. Juisi ya miwa ni sukari iliyoyeyushwa kwenye maji ya mmea wenyewe. Juisi ya ukwaju au ya embe ya mgahawani mara nyingi hutiwa sukari nyingi. Na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo madereva na wanafunzi hujitetea navyo dhidi ya usingizi, huunganisha sukari ya soda na kafeini zaidi. Soda zisizo na sukari, ambazo hutiwa vitamu bandia, huondoa kalori na huweza kumsaidia mtu katika kipindi cha mpito, lakini WHO katika mwongozo wa Mei 2023 haikupendekeza vitamu hivyo kama njia ya kudhibiti uzito kwa muda mrefu, na vitamu vyenyewe huuacha ulimi ukiwa na matarajio yaleyale ya utamu. Tahadhari ya pekee inawahusu wagonjwa wa kisukari wanaotumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, ambao huweza kuhitaji kitu chenye sukari upesi endapo sukari yao itashuka kupita kiasi, na ambao wanapaswa kupanga mabadiliko yao pamoja na daktari.

Kutoka mtu mmoja hadi nchi nzima

Mexico, ambayo kwa muda mrefu imehesabiwa miongoni mwa nchi zinazokunywa soda nyingi zaidi duniani, ilianza Januari 2014 kutoza kodi ya peso 1 kwa kila lita ya kinywaji chenye sukari iliyoongezwa. Tathmini zilionyesha kwamba ununuzi wa vinywaji hivyo ulipungua kwa asilimia 5.5 katika mwaka wa kwanza na asilimia 9.7 katika mwaka wa pili, na kwamba familia zenye kipato cha chini ndizo zilizopunguza zaidi. Nchi hiyo iliongeza alama nyeusi za onyo kwenye vifungashio mwaka 2020 na marufuku ya kuuza vinywaji hivyo shuleni mwaka 2025. Uingereza ilichagua njia nyingine mwaka 2018, ambapo tozo hutegemea kiasi cha sukari kilichomo, na viwanda vingi vilipunguza sukari katika bidhaa zao ili kuikwepa, hata mnywaji asiyebadilisha desturi akajikuta anameza sukari kidogo. Afrika Kusini ilianza mwaka huohuo kutoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100. Nchi za Afrika Mashariki nazo hutoza ushuru wa bidhaa kwa soda, lakini kwa kawaida kwa kufuata ujazo au thamani ya kinywaji, kwa hiyo kiwanda hakipati motisha ya kupunguza sukari.

Sera hizo hufanya kwa nchi kile ambacho mtu mmoja hufanya kwa nyumba yake anapoacha kununua soda kwa kreti, kwani njia zote mbili hubadilisha kilicho karibu na rahisi badala ya kutegemea ushujaa wa kila siku. Familia inaweza kuamua kwamba soda ni ya sikukuu na si ya friji, shule inaweza kuondoa soda katika duka lake na kuweka mahali pa maji safi, kamati ya harusi inaweza kuweka maji na rozela mezani pamoja na soda ili mgeni achague bila aibu, na mwenyeji anayemkaribisha mgeni kwa madafu au chai nzuri ya viungo hatapungukiwa heshima. Watoto ndio watakaofaidika zaidi, kwa sababu ladha wanayoizoea utotoni huwa kipimo chao cha kawaida wakiwa watu wazima.

Anayetaka kuanza hana haja ya kuapa kwamba hataonja soda tena maishani, wala kubadilisha mlo, usingizi na mazoezi kwa siku moja, kwa kuwa maazimio mengi ya pamoja hushindana yenyewe kwa yenyewe. Inatosha kuichagua soda moja ambayo hunywewa karibu kila siku kwa saa ileile, kupanga kinywaji kitakachochukua nafasi yake, kuwaarifu wale wanaokuwapo saa hiyo, na kudumu hivyo kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kugusa jambo jingine, kama vile sukari ya chai au matembezi ya jioni. Soda ya harusi, inayonywewa mara chache kwa mwaka, inaweza kusubiri au kuachwa ilivyo, kwa sababu madhara yaliyoelezwa hapa hutokana na kile kinachorudiwa, na kile kinachorudiwa ndicho pia kinachoweza kupangwa upya.